Chini ya Sahani

Likasi, Kikula, tarehe 6 Machi 1994

Kwako Clotilde, ndugu yangu wa benchi moja,

Nakusalimu sana, na nasalimu nyumba yote iliyo pamoja nawe huko Mwene-Ditu. Uko muzima? Mguu wa mama yako, Mama Kalombo, umepona? Na Tshimanga mdogo wako, bado anakula chaki, au huko shule yake haina chaki ya kula? Sisi huku tuko, tunapumua. Baba anaenda shambani upande wa Buluo kila asubuhi na baiskeli, maana kule kiwandani hawamwiti tena, lakini kofia yake ya kazi bado anaivaa, hata akilima mihogo. Mama anauza bunga ya ugali kwa kopo mbele ya nyumba. Minye niko mwaka wa nne, siku walimu wanapokuja.

Barua yako Papa Urbain aliniletea mwezi wa kwanza. Yeye hataki kabisa kusikia habari za posta, anasema posta ni kaburi la barua, heri yeye na treni yake. Nimeisoma mpaka karatasi imekatika kwenye mikunjo. Mara nne nimeanza kukujibu, mara mbili kwa Kifaransa, kwa sababu kwa Kifaransa mtu anaweza kusema jambo baya bila kusikia haya: maneno ni ya masista, si yake. Zote nimezipasua. Hii naandika kwa Kiswahili, ili nisipate pa kujificha.

Nianze na yanayofurahisha. Unakumbuka friji ya kwetu, ile nyeupe yenye ufunguo, tuliyokuwa tunafungua tu ili tupigwe na baridi usoni? Imekufa. Waya za bwawa la Mwadingusha zinapita juu ya vichwa vyetu, lakini umeme wenyewe ni kama gari la mkubwa, unapita tu, hausimami. Mama alitaka kuiuza na hakuna aliyeitaka, basi nikaiomba. Sasa ni kabati yangu. Ndani yake kuna kinu cha kahawa cha mkono kilichopoteza droo yake. Kuna pasi ya makaa yenye jogoo mdogo kwenye mfuniko. Kuna saa ya mezani inayotembea tu ukiilaza kifudifudi, na kopo la biskuti lililojaa vifungo vya makoti ya watu nisiowajua. Na sahani. Sahani kupita vyote.

Ugonjwa huu wa sahani mama yako ndiye aliyenipa, usimwambie. Ni yeye aliyetufundisha kupanga vyombo baada ya kilio cha msiba, pale ambapo sahani za avenue nzima zimelala ndani ya beseni moja na kila mama anataka zake. Nukta nyekundu yenye mkia, ya verni ya kucha, hizo za Mama Kalombo. Mikwaruzo mitatu ya msumari, za mama yangu. Msalaba wa bluu, rangi ileile ya mlango wake, za jirani yetu Mama Camille. Weye ulikuwa unachanganya na kucheka, minye nilizijua zote kichwani, na Mama Kalombo akaniita secrétaire wa sahani. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipa cheo.

Basi mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa, na treni zikawachukua ninyi wote mliokuwa mmelala wiki nzima nzima pale gare, vyombo vilibaki. Vilitapakaa kwenye soko la Kikula, chini, juu ya magunia. Nikaanza kupita pale nikitoka shule. Nageuza sahani, naona alama, na moyo unaruka: hii ni ya mwalimu wetu wa hesabu! Hii ni ya yule mama wa mandazi! Ni kama wakati wa kuita majina darasani, unaita mtu ambaye unajua hayupo, halafu sauti inajibu kutoka nyuma: présent. Namwomba muuzaji, nampa bunga ambayo mama ananigawia, naondoka na sahani chini ya nguo ya shule kama mwizi. Furaha hiyo, Clotilde, siwezi kukuficha. Nikifika nyumbani naiosha, naikausha, naiweka ndani ya friji na wenzake.

Lakini imenitawala. Mwezi wa kumi na moja, kwenye kilio cha mzee Numbi, nikapewa sahani ya maharage na nikasahau kwamba ina maharage. Nikaigeuza. Yote yakamwagika kwenye kikwembe cha mke wa mchungaji, kikwembe kipya. Akaruka: “Weye mutoto! Unatafuta nini chini ya chakula, jina la Bwana?” Watu walicheka mpaka waliokuwa wanalia wakanyamaza ili wasikie. Nilitamani ardhi inimeze na sahani yangu. Tangu siku ile hata watoto wadogo wananiita Mademoiselle Sahani, ingawa, kama utakavyoona, jina hilo nilikuwa nalo tangu zamani.

Na furaha yenyewe haitulii. Napanga friji, natoa vyote, napanga tena. Nakaa, nasimama. Mama anauliza kama nimekalia siafu. Tangu barua yako ilipofika ndiyo imezidi, na sasa nakuja kwenye barua yako.

Uliandika kwamba Mama Kalombo hataki jina la Mama Camille litajwe ndani ya nyumba yenu. Kwamba wiki tatu aliwaficha kwenye chumba chake cha nyuma, mkawa mnamwombea kila asubuhi, kumbe alikuwa anawauza. Kwamba siku chache kabla ya kuja vijana waliokuwa wanawasaka watu wa Kasai, mama yako alichungulia dirishani akamwona amekaa uani na kopo la rangi, anapaka msalaba wake wa bluu juu ya sahani zenu, moja moja, bila haraka. Mama yako akasema: “Anatugawana tungali tunakula.” Na vijana walipokuja, wakaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, mama yako akajua ni nani aliyewauza.

Ulivyoandika, hata minye ningemchukia. Lakini sikiliza yanayotokea huku. Kila siku ya treni Mama Camille anasimama kwenye uzio wake, amefunga kitambaa kizuri cha kichwa, anamngoja Papa Urbain apite. Anamwuliza: “Banasema nini kule?” Naye Papa Urbain anamjibu: “Banakusalimia sana, mama.” Ni uongo. Wale samaki wakavu aliowatumia mwaka jana, ambao mama yako aliwarudisha bila kufungua, Papa Urbain aliwala mwenyewe, akamwambia mlishukuru na kwamba Tshimanga alilamba vidole. Aliniambia haya huku anacheka kicheko chake kama kikohozi, halafu akaacha kucheka. Akasema hawezi kuwala mara ya pili.

Sasa Clotilde, kama umesimama, kaa.

Si Mama Camille. Ni minye.

Ilikuwa Ijumaa. Mama alinituma kurudisha chekeche kwa Mama Camille. Sisi sote tulidhani mmekwenda gare na wengine, nilikuwa nimekwisha kukulilia. Mama Camille alikuwa ndani, na uani, juu ya meza ya miti, vyombo vilikuwa vinakauka, vimegeuzwa. Vingi mno kwa mjane anayekula peke yake. Msalaba wa bluu, msalaba wa bluu, msalaba wa bluu. Mtu mwingine angepita. Mimi niliinama. Kwenye sahani moja rangi ya bluu ilikuwa imebanduka kidogo pembeni, na chini yake ulitokea mkia mwembamba, mwekundu.

Nilijua palepale kwamba mko nyuma ya ule mlango. Clotilde wangu yuko hapa! Nilitamani kubisha, nikaogopa kuuliza, nikaweka chekeche na kuondoka nikiwa nimejaa furaha kama ndoo, nikitembea nisiimwage.

Nilipita robine, bomba la maji la mtaa. Wamama walikuwa kwenye mstari wa maji, na Mathieu yule wa avenue ya pili, ambaye hajawahi hata siku moja kuniita kwa jina, alikuwa amekaa juu ya bidoni yake ya kutekea maji. Akanitania: “Mademoiselle Sahani! Ati unajua vyombo vya watu wote? Uongo!” Akachukua beseni ya mama mmoja, akainua juu. Nikasema ni ya nani. Akachukua sufuria. Nikasema. Akachukua kikombe cha kuazima, nikataja mwenyewe na aliyeazima, na wamama wakapiga makofi. Clotilde, unanijua, minye ninayesoma somo langu nikiangalia sakafu. Sijawahi kupigiwa makofi. Akauliza tena, akicheka: “Na za Mama Camille?” Nikajibu kwa sauti, kwa fahari: za Mama Camille ni msalaba wa bluu, lakini kuna moja ambayo chini ya bluu iko na nyekundu ya Mama Kalombo.

Makofi yalikufa. Mama Julie aliyekuwa kwenye robine alichukua ndoo yake ikiwa nusu, akaenda bila kumwangalia mtu. Mathieu naye alisimama. Hakukimbia. Alikwenda anapiga mluzi, na bidoni yake akaiacha pale tupu. Kwa bidoni ile ndiyo nilielewa anakwenda kwa nani.

Na hilo bado si baya kupita yote. Ilikuwa saa sita mchana. Vijana walikuja kesho yake asubuhi. Nilikuwa na mchana mzima, na kutoka kwetu mpaka kwa Mama Camille ni hatua mia moja, nimezihesabu mara nyingi tangu hapo. Ilikuwa inatosha kwenda na kusema: mama, nimesema neno, watoeni. Nilikaa nikachambua maharage. Nilikuwa najiambia nikimaliza haya nitakwenda, na nikimaliza nachambua tena yaliyokwisha kuchambuliwa. Si kwamba niliwaogopa vijana. Niliona haya kumwambia mtu mzima kwamba nimekosa. Haya tu. Kwa ajili ya haya, mama yako aliumizwa mguu ule ninaouulizia katika kila barua, kana kwamba sijui.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikwenda kwa Mama Camille na nikamwambia yote, nimeshika ufunguo wa friji ndani ya mkono mpaka ukaniacha alama. Hakunipigia kelele. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Nilimwuliza kwa nini alipaka sahani zenu. Unamjua, hajawahi kueleza kitu kwa mtu, ndiyo maana hata mama yako hakuelezwa. Akasema: “Wale vijana banaangalia bintu, mutoto. Nilitaka bintu bya Mama Kalombo biseme ni byangu.” Basi. Halafu akaingia ndani, akatoka na sanduku la chuma. Sahani zenu zote kumi na moja zimo, na sufuria mbili, zimefungwa kwa shuka. Hajawahi kuzilia chakula tangu siku ile. Yeye anakulia kwenye mfuniko.

Akachagua moja bila kutafuta. Alisema: “Hii njo ile. Tuma.” Nilipokuwa natoka nilimwambia kwaheri, na akajibu, lakini hakuniita mwanangu kama zamani.

Hiyo ndiyo sahani ambayo Papa Urbain atakupa pamoja na barua hii, imefungwa kwa gazeti na kipande cha kikwembe. Sikuipaka, sikuikwaruza, hata kuiosha sikuiosha. Mpe Mama Kalombo mkononi na umwombe aigeuze. Aangalie pembeni, pale rangi ilipobanduka, ataona mkia wa nukta yake. Kisha aendelee kukwaruza kwa ukucha, pole pole, ataikuta nukta nzima: rangi yake haikufutwa, ilifunikwa. Mtu anayetaka sahani ya mwenzake anaanza kwa kufuta. Minye ndiye secrétaire, najua.

Sikuombi unisamehe katika barua hii, ningekuwa nimekukosea, kisha nakuomba na zawadi. Ila kama huko mna karatasi moja tu na nafasi moja tu mfukoni mwa Papa Urbain, usiniandikie minye. Mwandikie Mama Camille. Hata mistari miwili. Hajui kusoma, nitamsomea akinikubalia, na asiponikubalia mimi, atasomewa na mtu mwingine. Siku ya treni nitakuwa pale kwenye uzio wake, upande wa nje.

Nisalimie Tshimanga, mwambie vifungo ninavyo tele akitaka kuchezea. Nisalimie na Mama Kalombo, baada ya kuwa amesoma, si kabla. Baba na mama wanawasalimu. Wao hawajui bado, nitawaambia leo kabla bunga haijafungwa. Mungu awalinde katika mji huo nisioujua.

Wako, ukitaka bado niwe wako,

Emérance