Godoro ni Langu

Dada,

Asubuhi alibisha hodi mtu nisiyemjua. Kumbe ni tarishi wa ile shule niliyoomba kazi: usaili ni leo saa nne! Natoka mbio, lakini soma mpaka mwisho.

Godoro la mwanao nimelihamishia uani. Ligeuze jua likisogea. Shuka nimeshafua. Mchana anywe maji ya kutosha, jioni kidogo tu. Aende chooni kabla ya kulala hata akisema hana haja. Taa ya korido usiizime, giza ndilo linalomzuia kuamka kwenda chooni. ~~Akilowesha, mwambie kwa upole.~~ Akilowesha usimwambie kitu, mbadilishie shuka mlale. Najua umechoka, Dada, lakini ana miaka minne tu. Ataacha.

Na usilianike tena mbele ya nyumba "apate aibu aache". Tarishi alilikuta pale ulipoliacha.

"Nani kikojozi humu?" akauliza huku anacheka.

Mtoto akajificha nyuma yangu, akaning'ang'ania mguu. Jana nilimwahidi kwamba siri yake haitatoka kinywani mwangu.

"Ni mimi, mzee."

"Wewe? Mwalimu mtarajiwa?"

"Tangu utotoni."

Alicheka mpaka getini. Ndiye atakayenifungulia mlango wa usaili, na mdomo wake hauna kufuli. Kazi nitaipata tu. Ila ukisikia mtaani kwamba mdogo wako mwenye digrii anakojoa kitandani, tafadhali usikanushe.

Mjomba wake