Mwanamke wa Kanga Penye Sinki

Salma, mke mwenzangu,

Asalaam alaykum. Hapa Al Twar hatujambo. Mumeo, babu yako, bado anagombana na kiyoyozi chake.

Umeniuliza, maadamu sasa unafundisha watoto kuchora huko Unguja: mtoto akichora kitu kisichokuwepo, umsahihishe?

Nilipokuwa msichana nilisaidia darasa la kuchora la watoto wadogo, hapa hapa Dubai, wakati wa likizo. Kila asubuhi nilizikuta brashi zimeshaoshwa. Nilidhani ni mwenzangu Grace, naye akidhani ni mimi. Siku moja Zuhura, mtoto wa jirani yetu, akachora darasa letu: watoto wenzake, Grace, mimi, na mwanamke wa kanga kasimama penye sinki.

"Huyu nani, mwanangu?"

"Muosha brashi. Anasema nyinyi mnaingia tu, hampigi hodi."

Tulicheka sana. Kesho yake, ufunguo ukiwa mkononi mwa Grace, nikapiga hodi kwenye mlango uliofungwa, kwa mzaha.

Ndani tukasikia bomba la maji likifungwa.

Basi usimsahihishe, mama. Muulize tu, huyo aliyemchora kasimama wapi, kisha umsalimie huyo.

Bibi yako