Misumari ya Baharini

Utende, Mafia
9 Oktoba 2005

Kwa kaka yangu mpendwa Silvester,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Brightness na watoto. Vipi mvua huko Kamachumu, zimeanza kushika? Kahawa inaendeleaje? Na mguu wa mama, ule uliokuwa ukimvimba, umepata nafuu? Mwambie dawa aliyoniagiza niliipata Dar es Salaam, nitakuja nayo. Mimi sijambo kabisa, ila jua la huku limenibabua shingo.

Najua utashangaa kupata barua wakati namba yangu ya simu unayo. Kuna jambo ambalo nikilianza kwa simu nitaliacha katikati. Nimeona heri niliandike, ulisome polepole. Lakini kwanza nikueleze niko wapi na ninafanya nini.

Bosi wetu alipata kazi ya kubadilisha madirisha katika hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili, mwendo mfupi kutoka hapa Utende. Jengo ni la wakati wa Mjerumani, lina ghorofa moja. Kuta zake ni za mawe na chokaa, nene kiasi kwamba nikinyoosha mkono ndani ya tundu la dirisha vidole havifiki nje. Madirisha yako thelathini na mawili, yote marefu kunishinda, yote na tao juu. Siku ya kwanza niliingia ukumbi mkubwa asubuhi, mwanga umelala sakafuni kwa mistari mirefu, nikajikuta nimevua kofia kama naingia kanisani. Fremu za zamani ni za mvule. Mchwa wamezila huku na huku, lakini palipobaki pamebaki pagumu hata msumari wangu unapinda.

Hatari ilikuwa kwenye vioo. Mwaka jana mgonjwa mmoja alivunja kimoja akajikata vibaya, Mungu akamnusuru. Wakubwa wakataka tuweke nondo kila mahali, kazi iishe. Aliyekataa ni nesi mkuu, anaitwa Arafa, mzaliwa wa Kiegeani, ndiyo kwanza ana miezi saba hapo. Alisema wagonjwa wake hawakuhukumiwa kifungo. Watu wa Mambo ya Kale nao wakasema sura ya jengo isiguswe. Basi nikatengeneza fremu mpya za mvule zenye umbo lile lile, na kioo cha usalama, jamii ya kile cha mbele ya gari: ukikipiga kinapasuka lakini hakimwagiki. Dirisha linafunguka upana wa vidole vinne tu, maana kuna kizuizi cha chuma nimekificha ndani ya fremu. Upepo unapita, mtu hapiti.

Arafa hakuniamini kwa maneno. Alileta kigoda cha jikoni, akaniambia nilipige dirisha langu mwenyewe, tena kwa hasira. Nilipiga mara sita. Kioo kilijaa nyufa mithili ya utando wa buibui, kikabaki pale pale. Alipitisha kiganja juu yake taratibu, akakitazama, hakuna damu. Ndipo akaniambia niendelee.

Ufundi wa chokaa ulikuwa wa Mzee Shamte, ambaye ujana wake wote alichoma chokaa ya matumbawe. Tangu Hifadhi ya Bahari ianzishwe hakuna ruhusa tena ya kuchimba matumbawe, basi chokaa ililetwa kwa magunia kutoka bara. Aliionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema ni ya kigeni lakini itazoea. Kaka, ungemwona yule mzee anavyoziba ufa! Akimaliza, huwezi kuonyesha ulikuwa wapi.

Siku moja tukinywa chai Arafa aliniuliza kama nina ndugu aliyewahi kuugua ugonjwa huu, kwa sababu naingia vyumbani kwa adabu ambayo mafundi wengi hawana. Nilimjibu kwamba sina. Nisamehe kwa hilo, ingawa si hilo dogo lililonifanya nikuandikie.

Dirisha la mwisho lilikuwa la Bi Kijakazi. Huyu ni mama wa Kisiwa cha Bwejuu, yupo hapo mwaka wa ishirini na nne sasa, nywele zimekuwa nyeupe. Chumba chake kiko mwisho wa ghorofa, peke yake upande wa bahari, na chini ya ukuta ule ni kichaka cha mikoko kisichopitika. Dirisha lake lilipigiliwa bati zamani, baada ya mgonjwa aliyemtangulia kutaka kujirusha. Hakuna aliyekumbuka ni mwaka gani.

Arafa alinisomea faili lake ili nijue naingia kwa mtu gani. Mwaka 1997 daktari fulani aliandika kwamba mgonjwa anadai kusikia wanawake wakipigilia misumari baharini. Mwaka uliofuata sentensi ile ile, na dozi ikaongezwa. Kila daktari aliyepita aliinakili. Miaka minane, kaka.

Niliingia Jumanne asubuhi, maji yametoka sana kwa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpya. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaniomba nisianze kwanza. Alikuwa ameegemeza sikio kwenye bati.

"Leo wako sita," akasema. "Yule wa mwisho anapiga polepole. Kachoka, au ana mimba."

Arafa aliyesimama mlangoni alinitazama kwa huruma ile ya watu wa hospitali. Nikaingiza mtaimbo, nikang'oa misumari mmoja mmoja, bati likaanguka. Mwanga ulituingilia wote watatu, tukafumba macho. Nilipoyafumbua niliona juu ya mikoko bahari imerudi mbali, mchanga unang'aa, na mistari ya vijiti imepangwa kama mashamba ya huko kwetu. Wanawake walikuwa wameinama, wanapigilia vijiti vya kufungia kamba za mwani. Sauti ikatufikia sasa wazi: ko, ko, ko. Nikahesabu. Walikuwa sita. Wa mwisho aliinuka, akashika kiuno, na tumbo lake lilikuwa kubwa.

Sijui kama umewahi kusimama karibu na jambo ukatamani kupiga magoti na hujui unampigia nani.

Arafa alikaa kitandani. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama yangu mwenyewe analima mwani. Mama yangu mwenyewe! Na mimi nimelisoma faili hili mara ngapi?"

Bi Kijakazi hakulia wala hakutushangilia. Alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe wanavaa kofia." Hilo tu ndilo hakulijua.

Nilipofunga dirisha jipya, mchana maji yakiwa yanaanza kujaa na wanawake wanakusanya kamba zao, alipitisha vidole vyake vinne kwenye ule uwazi, akaita kwa nguvu ambayo sikudhani anayo: "Jamani, poleni na kazi!"

Kule mchangani wakasimama. Wakatazama huku na huku, mmoja akaliona dirisha, akanyanyua mkono. "Tushapoa!" wakaitika, sauti zao zimepishana kidogo kwa upepo. "Tushapoa, mama!"

Miaka yote ile alikuwa akiwasikia, na ile ndiyo mara ya kwanza wao kumsikia yeye. Mzee Shamte, aliyekuwa akiziba kingo za dirisha, aliweka mwiko chini, akaenda kusimama kwenye ngazi hadi alipoweza kurudi.

Sisemi amepona. Jioni ile ile alikataa chakula akisema kimetiwa kioo. Ugonjwa upo. Lakini Arafa alichukua kalamu, akaandika chini ya zile sentensi zote: Wanawake wapo. Nimewaona. Akatia tarehe na sahihi.

Sasa kaka, nifikie jambo lenyewe.

Tangu mwaka ule wa tisini na mbili, ulipougua, umekuwa ukiamini kwamba baba mdogo ndiye aliyepigilia mbao dirisha la chumba cha nyuma. Ni mimi. Sikutumwa. Niliogopa utatoroka, na niliona aibu majirani wakikuona. Hilo pengine ungenisamehe. Lakini ulinishika shati siku moja ukaniambia unamsikia mchumba wako Clotilda nje, kwenye migomba, anakuita jina lako. Nikakuambia hakuna mtu, ni ugonjwa unasema. Uliniamini. Ukalala ukageukia ukuta.

Kaka, alikuwa Clotilda. Alikuja mara tatu. Mara zote mimi nilimfukuza, na mara ya tatu nikamwambia umesema hutaki kumwona tena. Ndipo akaenda kwa shangazi yake Mwanza. Wewe ulipopona ukasema hukumlaumu, kwamba hakuna msichana ambaye angekuja kumtazama kichaa. Ulisema mbele yangu, ninakula, na nikaendelea kula.

Siandiki ili nivuruge nyumba yako. Namheshimu shemeji, na sijamwambia mtu mwingine ila Arafa, ambaye nilimfuata jana nikamwambia kwamba ninaye ndugu, anaitwa Silvester, na nilimkana. Sijui utafanya nini na habari hii. Naogopa hata kuitia barua kwenye bahasha. Lakini miaka kumi na tatu umeihesabu sauti ile kuwa sehemu ya ugonjwa wako, na haikuwa hivyo. Ulisikia vizuri. Alikuja, alikuita, na alilia.

Nisalimie mama, shemeji, na watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Kazi ndogo za kumalizia zinaisha wiki mbili zijazo, nami nitakuja nyumbani moja kwa moja. Ukiona hunitaki mlangoni pako, nitafikia kwa mama, na nitangoja hapo.

Ni mimi mdogo wako,
Valence