Mbwa wa Kumfaa Baba

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kikohozi cha mtoto kimeshapoa. Sisi huku hatujambo. Baba anakusalimu. Yuko uani sasa hivi anagongea misumari kibanda cha mbwa, na meza ninayoandikia inatikisika.

Ndiyo, mbwa amepatikana. Lakini si yule uliyemwagiza, na nakuomba usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho, maana nakujua.

Agizo lako sikulisahau. Tangu jirani avunjiwe mlango, ulisema mzee hawezi kuendelea kukaa peke yake: ama apate dume la wale mbwa wakubwa wa masikio wima, ambao watu huwaita mbwa wa polisi, ama mwisho wa mwezi uje umhamishie kwako, apende asipende. Naye akajibu kwamba nyumba hii aliiezeka kwa mikono yake, na ataihama siku atakapobebwa. Kwa hiyo nilipokuja kumsaidia kuchagua, nilijua sichagui mbwa tu.

Nilikuwa nimesoma mpaka macho yakaniuma: aina zipi zina nyonga dhaifu, zipi zinabweka ovyo, zipi zinataka kukimbizwa kila asubuhi. Njiani nilimweleza Baba yote hayo. Alinisikiliza akinitazama usoni, kisha akasema kwamba anataka mbwa, hataki mkwe.

Muuzaji ni muuguzi mstaafu, mtaa mzima unamwita Mama Mbwa naye anaitika. Ua wake ni wa saruji, unanukia sabuni. Alikuwa na mbwa wawili wanaonyonyesha: jike kubwa la aina uliyoitaka, na jingine dogo la kahawia, miguu mifupi, la kizazi cha wawinda panya. Nilipouliza baba wa watoto wa hili dogo ni nani, alisema ni bwana mmoja aliyepita bila kuacha anwani.

Nikaanza kazi. Nilitaka kwanza kuwaona mama zao wakiguswa, maana mama mwenye woga huzaa woga. Kisha nikawashika watoto mmoja mmoja: macho yasiyo na tongotongo, ufizi wa waridi, masikio yasiyonuka, tumbo lisilovimba kwa minyoo, nyuma pasafi. Nikawaachia wakimbie nione kama kuna anayechechemea. Mama Mbwa aliniuliza kama nimekuja kununua au kuposa, na kama kwetu wote tunachunguzana hivi.

Baba alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amenipa mgongo, watoto wa mbwa wamemzunguka. Nilikuwa nimeshalichagua dume lako, Dada. Kifua kipana, tulivu, linanitazama bila kutetereka. Ulikuwa umebaki mtihani mmoja, wa masikio, kwa kuwa wapo watoto wa mbwa wanaozaliwa viziwi na mtu asigundue mpaka amefika nao nyumbani. Nikaomba kifuniko cha sufuria, nikasimama nyuma yao, nikakiachia kwenye saruji.

Dada, kilipiga kelele hata mimi niliyekiangusha nikashtuka. Wengine walikimbilia mama zao. Dume lako lilisimama, likabweka kunielekea, sawasawa kabisa na vitabu. Baba hakugeuka. Hata bega halikusogea. Aliendelea kumkuna jike kubwa shingoni.

Kajike kamoja ka kahawia hakakukimbilia kwa mama yake. Kalimrukia Baba, kakamparura suruali, kakaangalia nyuma, kakamparura tena, mpaka akainamisha kichwa. Akacheka. Kisha akafuata macho ya kambwa kale, akaniona mimi, akaona kifuniko miguuni pangu. Kicheko kikamfia mdomoni. Nilijihisi kama nimemvua nguo mbele ya watu. Mama Mbwa aliokota kifuniko chake, akasema anakwenda kuchemsha chai, na hakuna aliyekuwa ameomba chai.

Baba yetu hasikii, Dada. Tulipofika nyumbani nilikaa mbele yake penye mwanga, nikamuuliza. Alisema ilianza kabla hajaacha gereji, kidogo kidogo. Ukinyoosha mabati ya magari kwa nyundo maisha yako yote, masikio yatakudai tu. Anatusoma midomo. Simu zako hapokei, anakujibu kwa ujumbe na kuusingizia mtandao. Nami mwenye digrii nimekula naye meza moja likizo baada ya likizo, nikaamini kwamba ananitazama sana kwa sababu ananipenda.

Alinisihi nisikwambie. Alisema ukijua, virago vyake vitafungwa kesho yake. Nilimwambia siwezi kukuficha. Akaniita msaliti mwenye cheti, akanuna siku nzima. Jana asubuhi akaniwekea chai mezani na kusema niandike, ila niandike yote, na habari za mbwa zisikosekane.

Basi ndizo hizi. Nimemchukua yule wa kahawia. Daktari wa mifugo amempima na kumchanja, hana tatizo. Wewe uliwaza mbwa wa kumtisha mwizi. Lile dume lingebweka getini usiku kucha, na lingembwekea nani? Baba anahitaji mbwa wa kumjia. Sitakudanganya kwamba huyu ni malaika: juzi alimtoa mzee kitini kwa sababu ya jani kavu, na tena kwa sababu ya kuku wa jirani, Baba akaenda getini na kurudi akilalamika kwamba amenunua bosi. Lakini mleta maji alipogonga, mtu aliyezoea kuondoka na madumu yake akidhani hakuna mtu, alikuta geti limefunguliwa.

Wiki ijayo nampeleka Baba kwa daktari wa masikio. Nimejiuliza sana kama namtetea yeye au naitetea nyumba ninayopenda kuirudia, na jibu safi sina. Ninachokuomba ni kimoja. Njoo, lakini usije na gari la mizigo. Usimpigie simu kwanza. Gonga geti mara moja tu, kama mgeni, kisha usubiri uone nani atakufungulia. Baada ya hapo ukiamua kumchukua, sitakuzuia.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto, mwambie kuna mnyama huku wa kimo chake. Baba ameacha kugonga misumari. Nadhani anakuja kusoma nilichoandika, nami nitamwachia asome.

Ni mimi mdogo wako,
yule unayemwita Maswali