Dumu la Mabibo

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimebangua korosho na mama mpaka vidole vimebabuka. Shuleni Rehema kaziba pua tena. "Mmawia ananuka moshi." Darasa zima kicheko. Kisa babu alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Baba yake Rehema kahamia Chuno juzijuzi kwa kazi ya bandari, lakini mgeni ni mimi niliyezaliwa Mpapura! Namchukia. Hata hivyo risala ya mahafali nasoma mimi. Mwalimu ameshasema.

Jumanne, 7 Oktoba
Kibanda cha video. Filamu ya zamani ya kutisha. Binti anaonewa shuleni, wanammwagia ndoo ya damu mbele za watu, naye anauangusha ukumbi kwa macho tu. Nililia. Rehema naye alikuwepo, alicheka pale pa ndoo. Nyumbani nimekikazia macho kikombe cha chai. Hakikusogea. Kijeuri.

Alhamisi, 9 Oktoba
Asha wa dawati langu kaninong'oneza. Rehema kaficha dumu la maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, stoo ya shule. Nitamwagiwa Jumamosi nikisoma. Doa la bibo halitoki, ufue usifue. Nimekwenda kuliona. Kifuniko wamekaza mpaka mwisho. Wageni hawa! Kwetu kila mtoto anajua maji ya mabibo yanachacha, lazima yapumue. Ningewaambia. Sikuwaambia.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemwambia mama habari za dumu. "Usiende, mwanangu. Watakuaibisha, nami nimekaa palepale natazama." Naenda. Shati jeupe nimelipiga pasi. Risala nimeisoma kwa sauti mpaka kuku wamekimbia.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimesoma. Katikati nikamwona Rehema pembeni ya jukwaa, kapakata dumu, limevimba. Nikalikazia macho. Sikupepesa. Kifuniko kikaruka kabla hajakigusa. Povu lote usoni kwake, kwenye shati, kwenye nywele. Ukumbi ukanuka uraka, pombe ya mabibo, mkuu wa shule akadhani tumelewa. Watu wakacheka. Kicheko kile kile ninachokijua. Sikufurahi nilivyodhani. Nikaendelea kusoma mpaka neno la mwisho. Mama akapiga vigelegele.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya misa nimempelekea Rehema shati langu la pili. Mtihani unakuja na lake halivaliki tena. Kalipokea. Hakuziba pua. Mama kanimiminia chai. Nimekunywa nikiangalia nje, uani. Kikombe sikukitazama.