Aliyevaa Kofia Hasemi Lake

Mwalimu Guyo,

Sianzi na salamu. Kwa miaka sita nilikunyima salamu ukiwa hai. Ulipita mbele ya duka langu kila asubuhi na lile koti lako la kijivu, nami nikajifanya napanga sabuni kwenye rafu. Leo umelala chini ya mawe na huwezi kunigeuzia mgongo. Kukusalimu sasa ni rahisi mno. Mtu yeyote anaweza kupatana na maiti.

Nakuandikia kwa sababu mke wako alikuja dukani. Alikuwa akigawa nguo zako, na katika mfuko wa ndani wa koti akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakukubali kiti. Alisimama mbele ya foleni ya watu waliokuja kutafuta unga wa mahindi ya njano, akaiweka kwenye kaunta.

"Shemeji," akasema, "wewe ndiye msomaji mkubwa hapa Isiolo. Soma na hii. Ukitaka kuichoma, kiberiti kiko hapo nyuma yako."

Kisha akaondoka, foleni nzima ikinitazama.

Unakumbuka kofia ya baba yangu? Tarbushi jekundu alilotoka nalo jeshini kwa Mzungu, limeliwa na mende upande mmoja. Mama alitaka kulitupa. Sisi tuliowaandikia wafugaji maombi yao tukalipa kazi. Kabla ombi letu lolote halijapelekwa ofisini, mmoja wetu alilivaa akawa mkubwa wa serikali. Kazi yake ilikuwa kulichanachana ombi, kutuita wachochezi, mashifta, watu wa tumbo. Wengine walimjibu mpaka akose neno. Hapo ndipo tulipochapa nakala safi. Sheria uliitunga wewe mwenyewe, kwa sauti ile ya darasani iliyokufanya ufukuzwe kazi: aliyevaa kofia hasemi lake, na ni haramu kumkasirikia.

Hakuna aliyeivaa kama wewe. Siku moja uliivaa upande, ukapiga meza kwa kiganja: "Nyinyi watu wa ng'ombe! Mto ni wenu? Haya, leteni risiti ya mto!" Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Halafu ukaja mwaka ule rais alipokufa, redio ikalia maombolezo mchana kutwa, nasi tukadhani sasa milango itafunguka. Wenye ranchi walikuwa wameanza kupima malisho ya njia ya mto Ewaso Nyiro. Tukaandika ombi kubwa kuliko yote. Mimi niliandika maneno, nawe ukayanyoosha. Nikaenda Sericho kutafuta alama za vidole gumba vya wafugaji, juu ya lori la chumvi, na lori lilipokufa nikaenda kwa miguu. Wiki tatu. Kofia niliifungia sandukuni kabla ya kuondoka, maana niliiona ni urithi wangu.

Niliporudi nilipitia chumba cha nyuma ya duka, penye taipureta. Hukuwepo. Malaria ilikuwa imekulaza nyumbani. Kando ya mashine palikuwa na ukurasa mmoja uliochapwa, umejaa hadi chini. Naujua kwa moyo. Miaka sita nimeukariri kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Mwandishi wa ombi hili ni mwenye duka anayependa sauti yake kuliko anavyopenda ng'ombe wa watu. Wafugaji hawakumtuma. Babu na baba yake walikula mkate wa jeshi, na yeye sasa anatafuta ukubwa kupitia njaa ya wengine. Apuuzwe."

Nikasoma mara moja. Mara moja tu, Guyo, mimi ninayesoma hadi magazeti yaliyofungiwa sukari.

Mtu mwingine angeuliza. Mimi nilingoja siku ya mnada. Nilingoja watu wa Oldonyiro wafike na mbuzi wao, madalali wajae, wewe utoke kitandani na kuja na homa yako kutazama bei. Nikapanda kwenye birika la kunyweshea ng'ombe na kuusoma ukurasa wako kwa sauti niliyojaliwa. "Huyu ndiye mwalimu wenu," nikasema. "Kibaraka anayekula nanyi mchana na kuwaandikia wakubwa mkirudi malishoni."

Dalali mmoja akakushika mkono na kukugeuza kama anavyogeuza ndume. "Huyu nimuuze kilo ngapi?" Umati ukacheka. Nami nilicheka, Guyo. Nataka ujue hilo. Nilicheka.

Uliuliza neno moja tu: "Yusuf, umesoma yote?"

"Yametosha," nikakujibu.

Ukafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, ukaondoka.

Sasa ninao ukurasa wa pili. Huu hukuuchapa. Ni mwandiko wako, umelegea kwa homa. Juu umeandika: "Majibu kwa mwenye kofia." Ulikuwa umejivika ukubwa peke yako, bila kofia kichwani, kwa sababu nilikuwa mbali na ombi lilikuwa halina muda wa kunisubiri. Na umejibu kila hoja, moja baada ya nyingine. Juu yangu umeandika hivi: "Kweli, anapenda sauti yake. Lakini yuko wapi mwingine aliyetembea mpaka Sericho? Kama wafugaji hawakumtuma, vidole hivi ni vya nani?"

Hasira yangu haijaisha, na sitakudanganya kwa kuwa umekufa. Mbona hukunyoosha mkono? Kati yako na birika palikuwa na hatua kumi. Koti lilikuwa hilohilo. Kama karatasi ilikuwa mfukoni siku ile, basi uliniacha nikuchinje makusudi, ili uwe msafi na mimi niwe mchinjaji. Kiburi chako kilikuwa kimya na changu kina mdomo, na kati ya hivyo viwili mto ukatupotea. Baada ya mnada ule hakuna mfugaji mwingine aliyekubali kuweka kidole kwenye karatasi yoyote. Ombi halikufika popote. Uzio wa ranchi ukajengwa, ukaziba njia ya mto. Mwaka huu wa ukame nimewaona ng'ombe wakifa wameegemea waya, pua zimeelekea harufu ya maji. Wewe uliwaona pia kabla kifua hakijakumaliza. Ulifikiri nini? Ulisema ni kosa la Yusuf? Ulikuwa na haki. Nusu.

Nusu nyingine naijua. Ukurasa ule ungewatukana wafugaji peke yao, ningeitambua kofia mara moja. Ulinitaja mimi, na ulinitaja vizuri. Nilichochukia ni kwamba ulikuwa umesema kweli. Na kuna baya zaidi. Mke wako alipotoka dukani, nilikaa na karatasi yako siku ishirini. Nilishika kiberiti mara mbili. Nilijiambia: amekwisha kufa, jina la marehemu halili wala halinywi. Lakini binti yako anaitwa mtoto wa kibaraka kisimani, na anakunywa kila siku.

Jana nilifungua sanduku. Nikavaa tarbushi, nikawa wewe. Nikaketi upande wako wa meza, nikachapa ukurasa dhidi ya toba yangu, kama tulivyokuwa tukifanya. Umeniambia: "Unakuja kwa sababu mjane alikuumbua mbele ya wateja. Angekuja kwa siri, ungechoma." Umeniambia: "Mazishi yangu yalipita mbele ya duka. Watu wa kubeba walikuwa wachache, ukafunga mlango." Nikavua kofia ili nijibu. Ukurasa wa pili bado uko kwenye mashine, mweupe.

Basi ninaahidi hivi. Alhamisi ni mnada. Nitapanda kwenye birika lilelile, nisome kurasa zako zote mbili, kisha niwaeleze watu kofia ni nini na nani alikosa kuisoma. Nitasoma pia ule nilioujaza jana kwa niaba yako, na nitawaonyesha ule mweupe. Yule dalali bado yuko. Nitashuka nimpe mkono wangu, anigeuze mbele ya watu, aulize kilo.

Nikitoka hapo nitakuja makaburini na binti yako, kama mama yake atakubali. Nitasimama upande wa miguu yako na nitasema salaam aleikum. Sitaisema kabla ya Alhamisi. Na safari hii, Mwalimu, ukinyamaza nitakuwa nimestahili.

Lala salama.

Yusuf