Kati ya Tairi na Mnyororo

Jumatatu, 4 Mei
Alfajiri nimetoka na baiskeli kama kawaida. Nsemulwa hadi njia panda na kurudi, mara tatu. Miguu mizuri. Kifua kibaya: maziwa yamejaa, kila shimo la barabara nalisikia hapo. Jana tulimpeleka Elia kwa mama mkwe, kule Katumba, aachishwe ziwa. Ana mwaka na miezi kumi. Wiki mbili hatakiwi kuniona. Akiniona, kazi yote inaanza upya.

Jumatano, 6 Mei
Kalenda iko ukutani. Mbio za Karema tarehe 17, siku nzima ya vumbi na milima. Nyingine Julai, nyingine Septemba. Baba Elia kaisoma leo, mswaki mdomoni. "Na mtoto umemwandika wapi?"
Nikamwonyesha tarehe 3. Elia kuacha ziwa. Kati ya kubadili tairi na kupaka mnyororo mafuta. Hakucheka. Kasema mtoto akikonda, msimu umekwisha, baiskeli inarudi kubeba madumu ya maji. Nimekasirika, hasa kwa sababu anasema kweli.

Ijumaa, 8 Mei
Mama mkwe kapiga simu. "Anakula, mwanangu. Wewe endesha tu." Kila siku maneno hayohayo. Simwamini. Mtoto aliyekuwa hasinzii bila titi, leo anakula tu? Wananificha kitu.

Jumamosi, 9 Mei
Nimefanya ujinga. Nilimuaga Baba Elia kwamba naenda mazoezi ya milima, nikaenda Katumba. Nikaficha baiskeli nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, nikachungulia.
Elia alikuwa amekaa kwenye mkeka, uji hadi kwenye nyusi, anamcheka kuku. Kanenepa. Hakuwa anamtafuta mtu. Maziwa yakatoka yenyewe, jezi ikalowa.
Nilitaka alie. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.
Nikarudi kwa gia nzito, bila kunywa maji. Sijawahi kuimaliza njia ile haraka hivyo. Sikufurahi hata kidogo.

Jumapili, 17 Mei
Karema. Wa nne kati ya wanawake. Kifua kimekauka. Kwenye mteremko wa mwisho ziwa likaonekana lote, maji hadi upeo wa macho, na mimi nawaza kesho tu. Je, akinikataa?

Jumatatu, 18 Mei
Tumemfuata. Alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake, akaniangalia kama mgeni aliyekuja kuuza vyombo. Mama mkwe akacheka, kisha akaacha.
"Alikulilia siku mbili. Sikukwambia, ungekuja."
Sikumwambia kwamba nilikuja.
Sasa tuko nyumbani, amelala. Kabla ya kusinzia aliingiza mkono kifuani mwangu, akashika tu. Hakunyonya. Julai bado iko kwenye kalenda, sijaifuta. Amelalia mkono wangu wa kushoto na umekufa ganzi. Siusogezi.